Atakayekula Kwanza

Shituru, Likasi
12 Februari 2024

Mulamu wangu, shemeji Kalenga,

Nyumba nzima inakusalimu. Mama Émérence, mzazi wako, magoti yanamsumbua tangu mvua ianze, lakini mdomo wake hauna ugonjwa. Juzi aligombana na jirani juu ya bomba la maji na akashinda. Jaël anasoma vizuri, na amerefuka mpaka sare ya mwaka jana imekuwa aibu. Mimi nipo. Shituru ni ile ile, umeme unakuja kututazama kidogo kisha unakwenda zake.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Pitshou, dereva wa basi la Kitwe, kwa sababu simu yako inalia mpaka inachoka yenyewe. Nimeacha kupiga.

Sasa nisikilize. Kule Panda kampuni moja imefungua nyumba ya kulaza wageni wake, na inatafuta mpishi. Wageni wanasema Kiingereza tu, na meneja ni mtu wa Afrika Kusini. Nilikwenda kujaribu. Akaniuliza kama nimewahi kupikia watu wengi, nikajibu kwa kujiamini: "I have cooked in 2015 for a big wedding." Akatabasamu, si kwa ubaya, akasema nirudi mvua ikiisha, nikiwa nimekinyoosha Kiingereza changu. Wewe umekifundisha miaka yote hiyo huko Zambia. Nifundishe na mimi.

Neno la pili unalijua, lakini naliandika ili usiseme hukuambiwa. Kaka yako Athanase tulimzika Oktoba ya mwaka juzi, nami mke wake mpaka leo navaa nyeusi. Kwa desturi yenu, mdogo wa marehemu ndiye anayempaka mjane unga mweupe, kisha anakula wa kwanza katika chungu chake, na watu wote wanakula baada yake. Kabla ya hapo mkono wangu ni mkono wa kilio, na chakula nilichopika hakiliwi na mtu. Ile meza yangu ya vitumbua pale Kikula imekufa hivyo. Na Mama Martine, mkuu wa jiko kule Panda, alinivuta pembeni akaniambia: "Anglais utajifunza, dada, lakini na ile bilamba nyeusi, mu cuisine yangu hauingie."

Mdogo wa marehemu ni wewe peke yako. Njoo, mulamu. Usiogope kwamba nakutaka uwe mume. Nataka unga tu.

Josée, mama ya Jaël


Kitwe
3 Machi 2024

Mama Jaël,

Salamu zimefika, nami nazirudisha zikiwa na nyongeza. Mwambie mama apake mafuta ya moto magotini na aache vita vya bomba. Mimi ni mzima. Darasani nina watoto wengi kuliko madawati, na chaki tunagawana kama chumvi.

Kosa lako si lako. Ni la sisi Wakongomani wote tunaosoma Kiingereza huku kichwa kimejaa Kifaransa. Kwa Kifaransa unasema "j'ai préparé hier", yaani nimepika jana, na hakuna anayekuuliza. Mwingereza haruhusu. Ukitaja wakati ambao umeshafungwa kama mlango, yaani jana, mwaka 2015, siku ya arusi ya fulani, basi sema "I cooked" na usirudi nyuma. Kama hutaji wakati, au jambo bado linaendelea, au alama yake ipo mpaka sasa, sema "I have cooked". Weka Kifaransa kabatini, chukua Kiswahili tulichofundishwa na masista: nilipika, nimepika. Si sawasawa kabisa, lakini kitakuvusha mto.

Fanya hivi. Niandikie sentensi za maisha yako mwenyewe, za kweli, si za kitabu. Nitazisahihisha kwa kalamu nyekundu na kuzirudisha. Kwenye simu mtu anasema na maneno yanapotea, ndiyo maana napenda karatasi.

Kuhusu ile safari, shule zinafungwa Aprili. Tutaona.

Kalenga


Shituru, Likasi
30 Machi 2024

Mulamu na mwalimu wangu,

Tumepata barua yako. Mama amepaka mafuta ya moto na bado amegombana, safari hii juu ya kuku.

Nimesoma somo lako mara nyingi nikiwa mbele ya mbabula yangu ya makaa, na nataka kukuuliza kitu. Kiswahili cha masista ni kizuri, lakini sisi huku nyumbani hatukisemi. Mtu wa Likasi anakaa chini, anavua viatu, anasema, "Nilichoka." Na bado amechoka! Hakuna mlango uliofungwa hapo. Huyo Mwingereza wako angetuelewaje?

Sentensi zangu ni hizi. I have lived in Shituru for twelve years. I sold vitumbua in Kikula. I have never worked for white people. Pastor Éphraïm came on Tuesday.

Hiyo ya mwisho nikueleze, ucheke. Mchungaji alikuja kuniambia kwamba mambo ya unga ni ushenzi, damu ya Yesu imeshanisafisha, nivue nyeusi leo leo. Nikashukuru. Nikamletea vitumbua vya moto. Akavitazama, akasema samahani, amefunga. Siku hiyo hiyo nilimwona kwa jirani anakula matonge ya bukari na mboga ya sombe, na mchuzi unamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Mimi nacheka, lakini Jaël pia hali chakula cha mkono wangu. Mama yako amekataza, anasema mtoto asishike kilio cha baba yake mara ya pili. Kwa hiyo bibi anapika na magoti yake yale, wanakula wawili ndani, mimi napika changu nje na kula peke yangu. Mwanangu ananitazama mlangoni. Inaniuma, mulamu. Sijui niiandike kwa Kiingereza gani.

Na kuna sentensi moja imenishinda. Meneja ataniuliza habari za mume. Niseme "I have been married for eleven years" au "I was married for eleven years"? Mume hayupo. Nguo yake ya kilio ipo mwilini. Wewe ndiye mwenye kalamu nyekundu, niambie.

Aprili ni hii inakuja. Nimenunua unga, nimeufunga vizuri, panya asiuone.

Josée


Kitwe
28 Aprili 2024

Mama Jaël,

Salamu kwenu nyote. Mvua imekatika huku na vumbi limechukua nafasi yake.

Sentensi zako ni nzuri. "I sold" ni sawa kama meza haipo tena. Kama unatarajia kuirudia, tuzungumze. Kuhusu "nilichoka" ya kwetu, umenishinda, na nimewauliza walimu wenzangu wa hapa wakacheka tu. Siku ukifika mbele ya meneja, mpe ya masista.

Ile sentensi ya mume iache kwanza. Si lazima akuulize. Fanya mazoezi ya "since" na "for", watu wengi wanaanguka hapo.

Shule zilifungwa, lakini nilipewa mitihani ya kusahihisha, na baadaye kifua kikanishika. Kwa hiyo Aprili imepita. Mwambie mama asiwe anaacha mlango wa nyuma wazi jioni, Athanase hapendi.

Kalenga


Shituru, Likasi
2 Juni 2024

Kalenga,

Kwanza habari. Baridi imefika, asubuhi tunatoa moshi mdomoni kama mafundi wa kiwandani. Jaël amefaulu, ni wa tatu darasani. Mama anauliza kifua chako kikoje. Anauliza kila siku, nami kila siku namwambia kinapona, kwa sababu mama ni mama.

Sasa mimi na wewe. Pitshou alikuona mpakani Kasumbalesa mwezi wa nne. Ulikuwa umevaa koti, una begi. Ulikaa kwa yule mama wa chai, upande wa Zambia, tangu asubuhi. Pitshou alivusha abiria, akaenda Lubumbashi, akarudi, bado umekaa. Akakuita, ukageuza uso. Jioni ukapanda gari la Kitwe. Anasema hata mwaka jana alikuona hivyo hivyo, akadhani unangojea mtu.

Kwa hiyo mitihani ilikuwa wapi? Na kifua kilikushika ukiwa kwenye benchi ya chai?

Sijakuandikia kukuaibisha. Nimekaa na hasira wiki nzima, nikafua nguo zote za nyumba hii mpaka zile safi, hasira ikaisha, ikabaki kuchoka. Nimechoka, mulamu. Nimechoka kuvaa nguo moja. Nimechoka watu wanaponipisha njia sokoni kana kwamba nimebeba maji machafu. Nilimpenda kaka yako, nilimlilia kwa haki yake, na sasa nataka kuishi. Je, nakuomba kitu kikubwa?

Na umeandika "Athanase hapendi". Nimesoma peke yangu, mama sikumsomea. Alikufa ghafla, moyo ulisimama akiwa anakunywa chai, na wewe habari zilikufikia baada ya udongo. Hukumwona akiwa amelala pale. Hilo nalijua. Lakini wewe ulibaki kwenye mpaka, na mimi nilibaki kwenye nguo.

Usinitumie tena zoezi. Nitumie siku utakayofika.

Josée


Kitwe
7 Julai 2024

Mama Jaël,

Hongera kwa Jaël. Mpe mkono kwa niaba yangu.

Pitshou aangalie barabara, si abiria. Kwenye mpaka watu ni wengi na makoti yanafanana.

Sentensi ulizoniandikia ndani ya hasira yako, hata za Kiswahili, hazina kosa. Sina la kukufundisha zaidi. Nenda kwa meneja.

Siku ya kufika sijui kuiandika. Nimekaa na karatasi hii tangu Jumapili. Usinidhanie vibaya.

Kalenga


Shituru, Likasi
11 Agosti 2024

Mulamu Kalenga,

Tunakusalimu. Mama amepungua. Hagombani tena, na hilo linanitisha kuliko magoti.

Nilirudi Panda. Meneja alinikalisha, akaniuliza mengi, na kichwa changu kilikuwa kinapanga milango yako, huu umefungwa, huu uko wazi. Nilimwambia nimepikia watu wengi bila kutaja lini, akaridhika. Halafu akaniuliza kama nina mume. Sikupanga chochote. Nikasikia mdomo wangu unasema, "My husband died." Akasema pole, akaandika, akaendelea. Kazi ni yangu, naanza katikati ya Septemba. Nilipotoka nje nilikaa kwenye ukuta nikalia kidogo, maana kwa Kiingereza nimeshamaliza kilio, na kwa Kiswahili bado.

Mama Martine amenipongeza kwa mikono miwili, kisha akarudia yale yale. Unga kwanza. Nikimwendea na nyeusi, kazi anapewa mwingine, yupo tayari mlangoni.

Basi nilimfuata mama yako chumbani. Nikamwambia ukweli wote, na Kasumbalesa pia. Nisamehe. Nilifikiri atakulaani. Akasema, "Ule mutoto alikuwa anamufwata Athanase kila fasi, hata choo. Hatafika." Nikauliza, sasa mimi nitafanya nini? Akaniambia, "Unga, niko mama, nitakupaka minye mwenyewe. Lakini kukula, ni yeye. Kalenga akikula kwa mukono yako, njo inaisha. Fasi atakulia haina mambo."

Unaelewa alichosema? Si lazima uje. Ni lazima ule.

Nimekupikia kikanda. Nimechimba mizizi yake, nimekausha, nimetwanga na karanga, nimeweka pilipili nyingi jinsi mnavyopenda wewe na kaka yako, nimekipika mpaka kikakaza vizuri kama mkate, nikakifunga kwenye majani. Pitshou alikataa kukibeba. Yeye ni mtu wa maombi, haogopi desturi, ila hataki kiwe karibu na usukani. Mwishowe amekifunga juu ya basi pamoja na magunia, na kabla ya kuondoka amekiombea ulinzi yeye na abiria wote. Kikifika kina vumbi, toa jani la juu.

Sikuulizi tena kwa nini. Ukila, niko huru. Usipokula, kirudishe, nijue, niache kungojea. Kikanda hakikai siku nyingi.

Josée


Kitwe
1 Septemba 2024

Mama Jaël,

Nisalimie mama. Mwambie nimesikia alichosema, na kwamba ni kweli, hata choo.

Kikanda kilifika salama. Nilitoa jani la juu, nikakiweka mezani, nikakifunika na sahani. Nikaenda shule. Nikarudi, nikakaa mbele yake kama mtu anayengojea mgeni aongee. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nilisikia harufu inaanza kubadilika, nikajua kwamba kesho kitakuwa kimekataa chenyewe, na wewe utakuwa umebaki na nguo hiyo kwa sababu yangu.

Ulitaka kujua kwa nini, kisha ukaacha kuuliza. Nakujibu hata hivyo. Ni mimi niliyekuwa Kasumbalesa, mara zote. Nilikuwa natoka hapa nikiwa nimeamua kabisa. Lakini nikifika kwenye benchi ile naanza kuona nyumba ya Shituru, mlango, kiti chake, na hakuna mtu kwenye kiti. Hapa Kitwe Athanase yuko Shituru. Nakwambia kama ninavyohisi. Nikisahihisha madaftari najua kwamba kaka yangu yuko Shituru, anakunywa chai, ila haandiki, na yeye hajawahi kupenda kuandika. Nikivuka mpaka, hayuko popote. Mimi ndiye ninayewaambia watoto kila mwaka kwamba jambo lililokwisha lina namna yake ya kusemwa, na mimi mwenyewe nimekataa kulisema. Wewe umelisema mbele ya mgeni, kwa lugha ya kujifunza jikoni. Nilisoma pale mara nyingi.

Basi nikanawa mikono. Nikakata kipande, nikala.

Pilipili ilikuwa ile ile. Tulipokuwa wadogo Athanase alikuwa anauma, analia machozi, anasema ni moshi. Nikaanza kulia na mimi, huku nakula, sikuweza kuacha hiki wala kile. Nililia kwa sauti, Mama Jaël, sauti ambayo sikuijua kama ninayo. Majirani wakaja mbio. Mama Viviane mwenye nyumba akaingia bila kubisha, akanikuta na mdomo umejaa.

"Nani amekufa?"

Nikasema, "Kaka yangu."

"Amekufa lini?"

Nikamwambia, "Leo."

Akashika kichwa. Akatoka nje, akapiga ukelele mmoja, na ua wote ukajaa. Wametandika mikeka. Wanaume wameleta magogo ya moto, wanawake wamekusanya unga na sukari, walimu wenzangu wamekuja na mkuu wa shule mbele yao. Wananiuliza alikuwa mtu wa namna gani, nami nawaambia, na nikiwaambia wanalia. Sijawasahihisha. Pitshou alipokuja kuchukua barua hii alitukuta kwenye moto. Nilimwonyesha majani matupu, ayaone kwa macho yake, akuletee ushahidi usioomba maelezo.

Kwa hiyo mwambie mama, mwambie Martine, mwambie na yule mchungaji ikibidi: Kalenga, mdogo wa Athanase, amekula kwa mkono wako, na amekimaliza. Mama akupake unga siku barua hii inapofika. Usiningojee. Mtu wa kilio hasafiri, na hawa watu wa hapa hawataniachia niondoke kabla moto haujazimwa.

Vua nyeusi, dada yangu. Umeivaa ya kutosha, yako na yangu. Mimi ndiyo kwanza nimeanza.

Kalenga